Asubuhi Kumi na Moja za Mwalimu Mwahija

Hotuba ya Mwalimu Mkuu Bakary Fakihi, katika sherehe ya kumuaga Mkaguzi wa Shule na kufungua chumba cha sayansi. Mkoa wa Lindi, Desemba 1976.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji pamoja na wajumbe wako, Ndugu Andrea Pazi, Mkaguzi wetu unayestaafu leo, na mama uliyeketi naye, masheikh na mapadri mliotuombea dua, walimu wenzangu, wazazi mliotembea kutoka Kitomanga na Milola kuja kutuona, na wanafunzi mliosimama juani tangu saa mbili. Nawasalimu nyote kwa heshima. Wazee wangu, shikamooni.

Nimepewa karatasi hii nisome. Imepigwa chapa vizuri, na juu yake imeandikwa, "Shukrani za Walimu, dakika saba." Aliyeiandika si mimi. Inaniagiza nimsifu Ndugu Pazi kwa uchapakazi, kwa uzalendo, na kwa kazi yake ya mwaka 1973, alipoiona nyota ndogo iliyo ubavuni mwa nyota ya Shira kwa darubini iliyotengenezwa hapa hapa kijijini. Kisha nivute kamba ile, kitambaa kianguke, na sote tusome jina lake juu ya mlango.

Karatasi naiweka mfukoni. Kamba sitaivuta. Mheshimiwa, niwie radhi, na uwaambie hao wanamgambo walioanza kusogea warudi walipokuwa. Nina miaka hamsini na sita na goti bovu. Sikimbii popote.

Ndugu Pazi nitamsifu. Lakini nitamsifu kwa yale niliyoyaona mimi mwenyewe, na ili nifike huko lazima nianze kwa mtu ambaye karatasi hii haimtaji kabisa.

Wenyeji mnamjua Mwalimu Mwahija Likwata. Wageni hamumjui, na hilo ndilo linalonichoma. Mwahija ni binti wa wakulima wa korosho wa Milola. Alikuja hapa mwaka 1970 kufundisha hesabu na sayansi, akapewa ile nyumba ya mwisho karibu na kisima. Wakati huo shule haikuwa na hata kipima joto. Sayansi ilikuwa ni kuchora ubaoni kitu ambacho mwalimu hajawahi kukishika, na mwanafunzi akakinakili bila ya yeye naye kukishika. Mwahija hakuikubali hali hiyo. Chuoni alikosoma ualimu alikuwa amejifunza kwamba darubini inaweza kutengenezwa kwa mkono, kwa vioo viwili, mchanga, maji na subira.

Vioo alivipata kwenye vyuma chakavu Lindi, vioo vya dirisha la meli, vinene kama vidole viwili. Akaviweka kimoja juu ya kingine, katikati akatia mchanga uliochekechwa, akaanza kusugua. Alisugua miezi saba! Kila jioni baada ya shamba la shule tulisikia kwaruu, kwaruu, kutoka jikoni kwake. Mke wangu alikuwa akisema, "Yule mwenzako anasaga mahindi gani yasiyoisha?" Nami nilicheka. Waliohudhuria hapa wengi walicheka. Mikono yake ilichubuka hata chaki ikawa shida kuishika, lakini kile kioo cha juu kikabonyea katikati taratibu, kama sahani. Akaking'arisha, akakipaka fedha kwa dawa aliyoomba kwa barua tatu. Hadubini iliyovunjika, iliyotupwa stoo na shule moja ya sekondari, ikatoa kioo cha kuchungulia. Fundi Damiani, yule pale, akamtengenezea sanduku refu la mbao. Hiyo ndiyo darubini iliyo mezani mbele yenu, imefunikwa kwa kitambaa cheupe, ambayo asubuhi hii tumeambiwa ni zawadi ya Ndugu Pazi kwa shule yetu.

Zawadi!

Sasa nieleze ile nyota. Aliyepita chuoni kwa mwalimu wa Kurani hana haja ya kuambiwa Shira ni ipi. Na wengine, ni ile inayong'aa kupita nyota zote mbinguni. Wanajimu wa ng'ambo wamejua kwa zaidi ya miaka mia kwamba Shira haiko peke yake. Ubavuni mwake kuna nyota nyingine, ndogo, hafifu, nzito ajabu, kiasi kwamba kijiko kimoja tu cha udongo wake kingekuwa na uzito wa lori lililosheheni. Inaizunguka Shira kwa miaka hamsini. Hakuna aliyeigundua hapa, na Mwahija hakudai kuigundua. Ugumu ni kuiona. Mwanga wa Shira ni mkali mno, unaimeza. Watu wenye darubini za kiwandani wametafuta maisha yao yote wasiione.

Mwahija alijua mambo mawili. Kwanza, kwamba katika miaka hiyo nyota ndogo ilikuwa imefika mbali na Shira kuliko wakati wowote katika mzunguko wake. Pili, kwamba hapa kwetu, mwezi wa Oktoba, Shira inasimama karibu na utosi wakati alfajiri inapoanza kupauka, na mbingu ikipauka ule ukali wa Shira unapungua. Basi Oktoba 1973, ambayo ilikuwa Ramadhani, yeye akishakula daku na kuswali, alitoa sanduku lake uani.

Nami nilikuwa natoka msikitini. Akaniita. "Shikamoo, Mwalimu Mkuu. Njoo utazame."

Nikachungulia. Nikaona mwanga mtupu, kama taa ya karabai iliyoletwa usoni. Nikamwambia, "Ndiyo, naam, naiona."

Akaniuliza, "Iko upande gani?"

Nikainama, nikachungulia tena.

"Mwalimu," akasema, bila ukali, "usiseme umeona kama hujaona. Mimi mwenyewe asubuhi tano za kwanza sikuona kitu, na nimeandika hivyo hivyo: sikuona kitu."

Niliaibika, lakini nilirudi kesho yake, na kesho kutwa. Akakata karatasi ngumu ya boksi la vitabu, tundu lenye pembe sita, akaivisha mdomo wa darubini. Mwanga wa Shira ukagawanyika miale sita, na katikati ya miale pakabaki giza. "Humo gizani," akaniambia, "ndimo utamtafuta mwenzake." Na tarehe tisa Oktoba, siku ya nne kwangu, ndugu zangu, niliiona. Nukta. Nukta nyembamba, imetulia kando ya ule moto kama haina habari nao. Nikapiga kelele hata kuku wa jirani wakaruka. Mwahija akanizuia nisifurahi upesi. Alizungusha kioo cha kuchungulia, maana mwanga wa uongo unaozaliwa ndani ya kioo huzunguka pamoja nacho, lakini nukta haikuzunguka. Akaiacha darubini itulie, Shira ikapita na kutoka, na ile nukta ikaifuata nyuma yake, upande ule ule kama jana, upande ule ule kama juzi. Ndipo akaketi juu ya kinu, akachora, akaandika saa, akaandika hali ya hewa.

Asubuhi kumi na moja aliiona. Kumi na moja katika daftari la shule la kurasa themanini. Hakukosa darasa hata moja. Wanafunzi wake wa siku hizo wapo hapa, waulizeni.

Tarehe kumi na nane Oktoba alikuja Ndugu Andrea Pazi kutukagua. Nilimwandikia mimi, kwa majivuno, nikidhani tutapewa japo barua ya pongezi. Akalala kwangu, alfajiri tukampeleka uani kwa Mwahija. Ndugu Pazi, unakumbuka? Nisahihishe nikikosea. Mwahija aliielekeza darubini, akakuambia uchungulie mara moja. Wewe ukaanza kwanza kunieleza habari za semina yako ya Mtwara. Darubini ile haina mashine, nyota haimngoji mtu. Ulipomaliza habari za semina ndipo ukainamisha kichwa, ukasema, "Safi kabisa. Ndogo, iko pale chini. Nimeiona."

Mwahija akakuambia kwa adabu, "Ndugu Mkaguzi, hata Shira yenyewe imeshatoka kiooni. Niirudishe?"

Ukajibu, "Hapana, inatosha. Nimeona."

Ulitazama mbingu tupu, Ndugu Pazi! Ukaiona nyota kwenye mbingu tupu! Hapo ndipo napaswa kukusifu, kwa sababu jicho la namna hiyo sijaliona kwa mtu mwingine.

Kisha ukaomba daftari. "Kwa ukaguzi," ulisema. Mwahija akakupa kwa mikono miwili.

Nini kikafuata? Novemba ikaja barua. Ilisema Mwalimu Mwahija anatumia muda wa taifa kwa starehe zake binafsi. Ilisema vita viko mpakani, Wareno wana ndege, na mwalimu anayesimama uani alfajiri na darubini anapaswa kujieleza anamwashiria nani. Ilisema chombo hicho ni mali ya umma na kitahifadhiwa. Likaja gari likakichukua. Umma wenyewe, yaani ninyi, mlisimama barabarani mkitazama mali yenu ikiondoka, na hakuna aliyeuliza inakwenda kuhifadhiwa wapi. Leo nawaambia. Ilihifadhiwa sebuleni kwa Ndugu Pazi kwa miaka mitatu, juu ya kabati, chini ya cheti chake kilichotundikwa ukutani.

Mimi ni mjamaa. Nimelima shamba la kijiji kwa mikono hii, nimehamia hapa kwa hiari yangu kabla ya kuambiwa, na wanangu wote wamesoma shule hii hii. Kwa hiyo naumia mara mbili ninapoona neno "umma" likitumika kama panga la kumkatia mtu mkono. Hivi ujamaa ndio huu? Kwamba binti wa mkulima akisugua kioo miezi saba huo ni ubinafsi, na mkubwa akikichukua akakiweka kwake hiyo ni hifadhi? Nani alitufundisha hesabu ya namna hii, na kwa nini sisi walimu ndio tulioimeza bila kutafuna?

Nafika mahali pagumu kwangu, Mheshimiwa, nivumilie.

Desemba mwaka ule Ndugu Pazi alikuja ofisini kwangu na barua ya Kiingereza kwenda kwa chama kimoja cha watazama nyota cha ng'ambo. Ilisema mimi, Bakary Fakihi, nashuhudia kwamba Ndugu A. Pazi aliitazama nyota mwenza wa Shira asubuhi kumi na moja. Nikamuuliza, "Na Mwalimu Mwahija?"

"Ametajwa."

"Wapi?"

Akanionyesha kwa kidole. Imeandikwa, kwa msaada wa mwalimu mmoja wa kike.

Nikasema, "Ndugu Pazi, ana jina."

Akafunika kalamu yake, akaifunua tena. "Barua yake ya uhamisho iko tayari, Bakary. Anakwenda kisiwani, Songo Mnara. Kule kuna nafasi mbili za walimu. Nyingine bado haijajazwa. Wewe una watoto wangapi?"

Nina watoto saba. Nikatia sahihi.

Msinipigie makofi ya kunihurumia, nyamazeni! Sikushikiwa bunduki. Nilishikiwa kalamu, tena niliipokea mwenyewe. Mtu anaweza kuibiwa na mwizi mmoja, lakini mwizi huyu alihitaji shahidi, na shahidi nilikuwa mimi.

Mwahija aliondoka Januari kwa lori la korosho. Nilikwenda kumuaga. Alikuwa ameshafunga sanduku lake la nguo. Akaniuliza, "Mwalimu, ulitia sahihi?"

"Ndiyo."

"Ulimwona akitazama asubuhi kumi na moja?"

"Hapana."

Alinyanyua sanduku, akapanda. Amekaa kisiwani miaka mitatu. Amefundisha wana wa wavuvi, na nasikia amewafundisha vizuri. Mwaka jana mama yake, Bibi Kadija, alifariki Milola. Habari ilimfikia siku ya tatu, na chombo cha kumvusha alikipata siku ya tano. Huyo mama aliyekuwa akimletea mihogo wakati anasugua kioo, alizikwa mwanawe hayupo. Hilo halimo katika karatasi niliyopewa nisome.

Katikati ya mwaka 1974 likaja jarida la chama kile, kwa posta, kwa anuani ya shule. Nikaona michoro kumi na moja, naijua kama ninavyoijua hati ya mke wangu. Juu yake, A. Pazi. Na hapa tena nimsifu Ndugu Pazi, kwa uaminifu wa kunakili, maana alinakili kila kitu. Mchoro wa tarehe tisa Oktoba una maelezo chini yake, naisoma tafsiri yangu: "Leo Mwalimu Mkuu ameiona kwa mara ya kwanza, siku ya nne ya kujaribu." Tarehe tisa Oktoba, ndugu zangu! Kitabu cha wageni cha shule hiki hapa. Mheshimiwa, kipokee, fungua palipo na utepe. Mwaka mzima wa 1973 kuna sahihi moja tu ya Ndugu Pazi, tarehe kumi na nane. Tarehe tisa alikuwa Mtwara kwenye semina ile ile aliyotusimulia hata nyota ikatoka kiooni. Alinionaje nikiona?

Nilikuwa na jarida na kitabu hiki tangu siku hiyo. Miaka miwili na nusu nimevifungia kabatini. Ufunguo nilikuwa nao mimi.

Kwa nini leo? Kwa sababu wiki mbili zilizopita nilivuka kwenda Songo Mnara. Nilikwenda kumwomba radhi, na kumwambia kuhusu chumba hiki na jina linalowekwa mlangoni. Nilimwambia nitapigania jina lake likae badala ya la Ndugu Pazi. Nilidhani atafurahi.

Akaniambia, "Mwalimu, ukuta muandike mnavyotaka. Mimi nataka daftari langu."

Nikamuuliza kwa nini daftari, na michoro imeshachapwa. Akanitazama kama nilivyotazamwa ile asubuhi ya kwanza. Akasema, "Ile nyota inatembea. Zile asubuhi kumi na moja zilikuwa mwanzo. Nilitaka niandike kila Oktoba mpaka macho yangu yachoke, nione mwenyewe inavyozunguka. Sasa imeanza kurudi. Kila mwaka inaisogelea Shira. Baada ya miaka michache itaingia ndani ya mwanga, na darubini kama yangu haitaiona tena. Ikitoka upande wa pili mimi nitakuwa bibi kizee, kama nitakuwepo. Oktoba ya sabini na nne imekwenda. Ya sabini na tano imekwenda. Na hii ya juzi imekwenda."

Mnasikia? Tunadhani tumemnyang'anya jina. Jina lingeweza kurudishwa kwa rangi na brashi. Tumemnyang'anya Oktoba tatu za nyota ambayo haingoji kamati. Hakuna waziri awezaye kuzirudisha. Tumeziacha zipite, chombo kikiwa juu ya kabati la mtu ambaye hajawahi hata mara moja kukitoa nje!

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwenye bahasha hii kuna barua mbili. Ya kwanza ni nakala ya barua niliyoipeleka posta juzi kwa chama kile, nimeeleza nani aliona na nani alitia sahihi ya uongo. Ya pili ni ya kuacha ualimu mkuu. Ukiona nastahili adhabu zaidi ya hiyo, sitakata rufaa.

Lakini sijamaliza. Mwalimu Mwahija amefika leo alfajiri. Ameketi kule nyuma na akina mama, mwenye kanga ya kijani. Hakutaka kuja, nimemsihi mimi. Na Ndugu Pazi alituambia wakati wa chai kwamba daftari la awali analo ndani ya mkoba wake, amwonyeshe Mgeni Rasmi.

Ndugu Pazi, lilete.

Sina haraka. Dakika zangu saba zilikwisha zamani, hizi ni za wanakijiji hawa, na naona hakuna anayeondoka.

Usimtazame mkeo, mama hana kosa. Nakuomba daftari.

Haya. Ahsante. Mpitishieni Mwalimu. Pisheni njia hapo, mpisheni apite. Mwalimu Mwahija, marahaba, marahaba, lakini leo usinisalimu kwanza, pokea. Fungua uangalie kama kurasa zote zimo. Usione haya kuhesabu mbele ya watu.

Anasema michoro imo yote. Anasema uliochanwa ni ukurasa mmoja. Wa kwanza, uliokuwa na jina.

Fundi Damiani, kiondoe kitambaa kile juu ya darubini, uibebe mpaka nyumbani atakapofikia. Si zawadi, kwa hiyo hatutaipigia makofi. Na wewe Mwalimu, kalamu hii hapa, meza hii hapa. Jalada ni jeupe, lina nafasi ya kutosha. Liandike jina lako kamili, polepole, sisi tutasimama mpaka umalize.

Mheshimiwa, wazee, wazazi na wanafunzi, mmenipa masikio yenu hata niliposema yasiyopendeza, na kwa hilo nawashukuruni sana. Sasa simameni. Anaandika.